Siku Niliyomkana Mjerumani Mbele ya Ndafu

Waliokuwepo siku ile ni hawa, na ninawataja kwa majina asije mtu akasema Bibi Elieshi ametunga. Nilikuwepo mimi mwenyewe, mwenye aibu yote. Alikuwepo binti yangu Elinami, ambaye ninakaa kwake hapa Lewisville, Texas, na kazi yake ni kuhudumia wazee wa watu. Alikuwepo binti yake Neema, mjukuu wangu, anayefanya kazi ya kompyuta Richardson, na siku yenyewe ilikuwa yake. Alikuwepo mwanangu Godlisen wa Fort Worth, mchoma ndafu wetu. Upande wa pili alikuwepo Baraka, kijana aliyekuja kuchumbia, na mama yake, Mama Baraka wa Alief kule Houston (jina lake la ubatizo ni Ndeambiliasia ila hakuna anayethubutu kulitumia), na mshenga wao Mzee Kimaro, na vijana wanne wa kwaya, Elisante, Yona, Fredi na yule wa miwani, Obedi. Mchungaji Ndosi alikuwepo. Na alikuwepo jirani wa namba mia na kumi na nne, Mjerumani, anaitwa Roswita, ambaye hakuwa na uhusiano na mtu yeyote mle ndani isipokuwa mimi.

Nimeibeba aibu hii tangu mwaka 2018 na kila nikianza kuieleza naruka sehemu moja, ile mbaya, nafika kwenye mbuzi watu wanacheka yanaishia hapo. Leo siruki. Niliishia darasa la nne kwetu Machame, kwa hiyo anayepiga chapa ni Neema, na nimemkataza kupunguza neno.

Roswita nilikutana naye kwenye chumba cha kufulia. Apatimenti zetu zina chumba kimoja cha mashine kwa jengo zima, na mchana watu wote wako kazini, mnabaki wazee na mashine zinazunguka. Siku hiyo nimekaa nangoja mashuka ya Elinami, nikasikia mtu nyuma ya mashine ya kukaushia anaimba puani, na wimbo wenyewe ninaujua! Ni wimbo wa kanisani, alitufundisha Sista Hedwiga, shemasi wa Kijerumani aliyekuwa hospitalini kwetu nikiwa msichana, alikuwa anatupiga vidole kwa penseli ukikosea sauti ya pili. Basi mimi bila kufikiri nikaingia na sauti ya pili kwa Kiswahili, na yule mtu akanyanyuka nyuma ya mashine, loo! Nusu ya kichwa amenyoa, nusu nyingine nywele za zambarau, sikioni pete nane nilizihesabu, macho amezungushia wanja mpaka kwenye mashavu, na umri wake si wa mtoto, sitini na zaidi. Niliogopa kidogo, halafu nikamhurumia, nikadhani ni matibabu.

Tukamaliza wimbo beti zote, yeye Kijerumani mimi Kiswahili, na mashuka yakakauka tukakunja pamoja. Tangu hapo kila Jumanne ilikuwa hivyo. Kuongea hatukuongea, maana Kiingereza changu kilikuwa maneno kumi na mawili na Kiswahili chake kilikuwa jina langu tu, Elieshi, analitamka kama analipiga nyundo. Lakini nilikuwa na rafiki. Mnaokaa huku mnajua, mzee huku anakuwa na watoto na wajukuu na televisheni, rafiki wa kwake mwenyewe hana.

Elinami alinionya. Akasema, “Mama, yule wa mia na kumi na nne kaa naye kwa akili, watu wanasema alikuwa mwanamuziki wa fujo.”

“Fujo gani na anajua nyimbo za kanisa?”

“Mama, mimi nakwambia tu.”

“Na mimi nakusikia tu.”

Maana mimi nilishaamua Roswita ni nani. Siku moja alinikaribisha kwake chai, na ukutani nikaona picha kubwa ya zamani, haina rangi, ni yeye akiwa binti, amevaa gauni jeupe refu mpaka chini, amejitanda shela, mshumaa mkononi, macho juu mbinguni. Nikapiga makofi. Sista Hedwiga alikuwa na picha kama hiyo hiyo mezani kwake, ya siku alipowekwa wakfu! Kumbe huyu naye ni sista, amestaafu, akili imechoka kidogo ndiyo maana ya zile nywele. (Chini ya gauni kwenye picha kulikuwa na weusi weusi, nikasema ni kivuli.) Sikumuuliza mtu. Ningeweza kumwita Neema aje atafsiri dakika tano tu, lakini nilitaka rafiki yangu awe wangu.

Sasa, Mama Baraka. Huyu ni mama wa maombi, Alief nzima wanamjua, ana duka la vitenge na dagaa, na akiingia mahali watu wanashusha sauti. Mwanawe mkubwa alishawahi kuwa na mchumba, msichana mzuri tu, ila siku ya kuvisha pete keki ilianguka, na Mama Baraka akasema hiyo ni ishara, uchumba ukafa papo hapo na keki ikiwa bado sakafuni. Na sisi upande wetu tulikuwa tunaongelewa, kwa sababu baba yake Neema alifariki mapema, na kuna mtu (ninamjua, simtaji, ameshatubu) alipeleka maneno Houston kwamba nyumba ya Elinami ina mkosi. Neema alikuwa na miaka thelathini na moja na alimpenda yule kijana mpaka alikuwa anacheka peke yake jikoni. Kwa hiyo mnaelewa. Siku ile kisianguke kitu. Hata kijiko.

Wiki mbili kabla, Mzee Kimaro akapiga simu.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba baba.”

“Tunakuja na kwaya, Bibi. Vijana wanne, sauti nne. Nyie upande wa nyimbo mmejipangaje, au tuwaimbie na sehemu yenu?”

Tuwaimbie na sehemu yenu! Sisi wa Machame! Nilisikia damu inapanda, na mdomo ukasema wenyewe, “Msisumbuke baba, sisi tuna Mjerumani.”

Akauliza, “Mjerumani Mzungu?”

“Kwani kuna mwingine?”

Hapo ndipo ningejing'ata ulimi. Jioni Mama Baraka mwenyewe akapiga kwa Elinami, sauti imelainika, anasema amesikia tumepata mwimbaji wa Kijerumani, na yeye alilelewa na masista wa Kijerumani, ameguswa sana. Elinami akanigeukia na simu sikioni, macho yametoka. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba tulia.

Kumwalika Roswita nilimwalika kwa vidole. Nikamwonyesha Jumamosi kwenye kalenda, nikamwonyesha Neema kwenye simu, nikajivisha pete ya uongo, nikaimba kidogo, akaelewa, akafurahi mpaka akanikumbatia. Halafu, jamani, nikaenda kwenye ile picha ukutani, nikagusa lile gauni, nikamgusa yeye kifua, nikasema kwa Kiingereza changu, “Yu. Dis. Satade.” Akanitazama sana. Akauliza kitu. Nikasema yes. Akauliza tena, nikasema yes kubwa zaidi. Nilitaka Mama Baraka aone sista mwenye mavazi yake.

Jumamosi ikafika, joto la Texas la mwezi wa nane, ukitoka nje hewa inakupiga usoni kama umefunua sufuria. Tulipewa ukumbi mdogo wa apatimenti, pembeni kuna chumba cha mazoezi chenye zile mashine za kukimbilia. Godlisen alishamleta ndafu, mbuzi mzima ameokwa, amesimamishwa kwenye meza ya magurudumu, majani mdomoni, tukamficha jikoni atoke kwa wakati wake. Wageni wakaingia saa nane, wamechoka na barabara ya masaa manne na nusu, Mama Baraka mbele kwa gauni na kilemba vya buluu, akanisalimia kwa magoti kama inavyotakiwa, nikasema moyoni Mungu ni mwema.

Ndipo nikamwona Roswita kupitia dirishani anavuka maegesho ya magari.

Wenzangu, ile haikuwa picha ya wakfu. Lilikuwa gauni la harusi, na lile jeusi la chini halikuwa kivuli, lilikuwa limeungua! Limeungua kuanzia chini mpaka magotini, kingo zimekauka nyeusi zinakatika, shela lina matundu ya moto, na yeye usoni amejipaka nyeupe tupu na wanja unatiririka mpaka kidevuni kama aliyelia makaa. Bibi harusi aliyeungua, anakuja kwenye uchumba wa mjukuu wangu, na mwanamke aliyevunja uchumba kwa sababu ya keki amekaa kiti cha mbele! Nikasema wallahi (mimi Mlutheri lakini neno hilo ndilo lililotoka).

Nilimuwahi mlangoni, nikamvuta kwenye chumba cha mazoezi, nikavua kitenge changu cha juu nikamviringisha kuanzia kwapani mpaka chini, nikamvua shela nikalisokomeza mgongoni ndani ya kitenge. Anacheka, anadhani ni desturi. Nikamfuta uso kwa kanga, weupe ukatoka kidogo, wanja ukaenea zaidi. Nilitaka nimwambie rudi nyumbani, nikutumie chakula, ila katika maneno yangu kumi na mawili “rudi” halikuwepo. Na kule ndani nikamsikia Mchungaji Ndosi, “Sasa tunaomba upande wa binti watuletee Mjerumani wao!” Makofi.

Akatoka. Nikamfuata kama mtu anayefuata jeneza la nduguye.

Na akaimba, jamani, akaimba vizuri! Alianza chini, polepole, ule ule wimbo wa Sista Hedwiga, sauti nene yenye mchanga kidogo, na vijana wa kwaya wakanyamaza wenyewe. Obedi alivua miwani. Mama Baraka akainamisha kichwa, nikaona anafuta jicho. Neema akanitazama akanitabasamia. Hofu ikaanza kunitoka miguuni, nikavua na viatu kwa sababu vilikuwa vinabana, nikakaa, nikasema Elieshi, umepona.

Beti ya pili Godlisen akafungua mlango wa jikoni akamleta ndafu. Yeye alisikia wimbo akadhani ndiyo wakati wake.

Roswita akageuka. Alikuwa hajawahi kumwona ndafu maishani mwake, na sisi hatukujua kwamba huyu mtu hajala nyama tangu ujana wake na aliwahi kulala mbele ya lori la nguruwe kule kwao. Aliona mnyama amesimama, ana macho, ana majani mdomoni kama alikuwa anakula wakati alipouawa. Akapiga ukelele. Si ukelele wa kuogopa, ni ukelele wa mtu aliyesomea, ulipanda mpaka mahali sauti ya mtu haifiki, glasi zikalia mezani, gari moja nje likaanza kupiga king'ora. Kitenge kikafunguka kikaanguka. Gauni lile likawa wazi, jeusi na jeupe, mbele ya kila mtu. Akaenda kwa magoti mpaka kwa mbuzi, akalichomoa lile shela akamfunika mbuzi kichwa, akamkumbatia shingo, akaanza kumwombolezea kwa Kijerumani, mara kama kwaya mara kama mbwa, anajigonga kifua.

Elisante na Yona walikimbilia nyuma ya meza ya keki. Mchungaji Ndosi akanyoosha mkono akaanza, “Toka! Nakuamuru toka!” na Roswita akadhani anaambiwa aendelee, akaongeza. Mama Baraka alisimama taratibu, na lile taratibu ndilo lililoniua.

“Bibi Elieshi,” akasema. “Huyu ndiye Mjerumani wako?”

Sasa hii ndiyo sehemu ninayoiruka siku zote.

Nilisema, “Mimi? Simjui.”

“Si ulimwambia Kimaro mnaye Mjerumani?”

“Yule wetu hakuja, mkwe wangu. Huyu ameingia tu.”

Elinami alinitazama. Anamjua Roswita, ni jirani yake, ameniona nikikunja naye mashuka. Lakini binti hawezi kumwita mama yake mwongo mbele ya wakwe, akaangalia sakafu. Neema akaninong'oneza, “Bibi, please. Say something.” Sikusema. Godlisen, mwanangu mtiifu, akasikia mama hamjui, basi akamshika yule mwanamke mkono kumtoa nje. Roswita akanyamaza. Akanitafuta kwa macho pale nilipokaa, akaita, “Elieshi?”

Chumba kizima kikasikia. Mama Baraka akageuka kama mlango. “Mbona anakujua jina?”

Na mimi nikasema, “Sijui. Simjui huyu mtu kabisa.”

Mara tatu. Petro alikuwa na jogoo wa kumkumbusha, mimi nilikuwa na mbuzi, na mbuzi mwenyewe alishaiva. Roswita hajui Kiswahili lakini kuna maneno yanaeleweka kwa uso. Aliacha kushindana na Godlisen. Akatoka mwenyewe, ameinua gauni lake kwa mikono miwili asilikanyage.

“Kama hajulikani,” Mama Baraka akasema, “na amekuja na gauni la harusi lililoungua, na anawajua kwa majina, basi ametumwa. Nilisikia kuhusu nyumba hii nikasema ni maneno ya watu. Baraka, chukua pete. Tunarudi.”

Baraka akasema, “Mama, tafadhali.” Mama akanyoosha kiganja tu, na kijana akaweka kile kikasha mkononi mwake. Neema hakulia. Alikaa chini kwenye sakafu na gauni lake la sherehe, taratibu, kama mtu anayekaa majini. Nilikuwa nimezika mume na watoto wawili na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kumwona mtoto yule amekaa sakafuni. Kwa sababu aliyemkalisha pale alikuwa ni mimi, na mkosi ulikuwa unaandikwa kwa jina la mama yake.

Nilikimbia. Miaka sabini na sita, miguu mitupu, lami ya maegesho inaungua kama kikaango, gari lao limeshaanza kurudi nyuma, nikasimama mbele yake nikaweka mikono kwenye boneti. Mzee Kimaro alifunga breki nikasikia vijana wote wanne wamegongana huko ndani. Dirisha likashuka.

“Ni mimi,” nikasema. “Ninamjua. Ni rafiki yangu. Ni mimi niliyemwambia avae lile gauni, nilidhani ni la usista. Neema hajui kitu, Elinami hajui kitu. Nimesema uongo mara tatu.”

Mama Baraka akanitazama muda mrefu, na mimi nanyanyua mguu huu nashusha huu.

“Kwa nini ulisema humjui?”

“Nilikuogopa wewe, mkwe wangu.”

“Mimi?” Akashangaa kweli, akageukia ndani ya gari. “Kimaro, mimi watu wananiogopa hivyo?”

Mzee Kimaro akaanza kurekebisha kioo cha gari ambacho kilikuwa sawa tu.

Akanigeukia tena, akasema, “Gauni hilo nitaliombea. Lakini mtu anayemkana rafiki yake nikiwepo, kesho atamkana mwanangu nisipokuwepo. Pete inarudi Houston. Wewe ni Mchaga, mpelekee yule mama isale. Siku nitakayosikia amekupokea, tunageuza gari.” Dirisha likapanda.

Kwa wasiojua, isale ni jani refu la kijani tulilonalo kwetu kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unalifunga fundo unampelekea, na akilipokea amekusamehe, hakuna kurudi nyuma. Godlisen alilipata duka la maua, huku wanaliuza kwenye chungu kama pambo la sebuleni, na alikuwa hataki kuniangalia machoni aliponipa. Nilikwenda kugonga mia na kumi na nne. Kimya. Nikagonga kesho yake. Nikasikia anatembea ndani, akasimama nyuma ya mlango, nikaona kivuli cha miguu yake kwa chini. Hakufungua. Nikaliacha jani kizingitini.

Asubuhi nikapita, nikaliona dirishani kwake limewekwa kwenye glasi ya maji! Nilikimbia kwenye simu. “Mkwe wangu, amelipokea!”

“Anajua maana yake?” akauliza Mama Baraka.

“Hajui.”

“Basi amepokea ua. Hajapokea radhi. Mweleze.”

Kwa hiyo ilibidi nimwombe Neema, ambaye alikuwa hajaniongelesha siku nne, aje atafsiri kile nilichopaswa kumwomba atafsiri tangu mwanzo. Tulisimama mlangoni mimi na yeye. Niliogopa ule mlango kuliko ninavyoogopa kufa, maana kufa nina uhakika nako. Neema ndiye aliyegonga, akasema jina lake, na mlango ukafunguka.

Roswita bila wanja alikuwa mtu mdogo, mchovu. Hakutukaribisha kukaa. Nikasema yote nimesimama, na Neema akapeleka kwa Kiingereza, ya picha, ya Sista Hedwiga, ya kujisifu kwa Mzee Kimaro, ya kumkana, na maana ya jani. Nilipofika kwenye “simjui” Neema alisita, nikamwambia peleka hivyo hivyo. Akapeleka.

Roswita akakaa kwenye kiti, akaanza kuongea akiangalia ile picha, na Neema ananitafsiria taratibu, “Bibi, anasema baba yake alikuwa mchungaji.” Mchungaji wa kijiji kule Ujerumani, na yeye alikuwa anaimba kwenye kwaya ya baba yake tangu ana miaka sita. Alipofika kumi na saba akatoroka na vijana wenye magitaa kwenda Hamburg, wakawa wanaimba kwenye vyumba vya chini ya ardhi ule muziki wa hasira unaoitwa panki. Mwaka wa pili akasikia mama yake amefariki, akarudi kijijini na nywele zake za rangi, akaingia kanisani kwenye mazishi. Baba yake akamwona kutoka mimbarani. Watu wakageuka kumwuliza Mchungaji, huyu si binti yako? Na Mchungaji akasema, “Simjui.”

Neema alilitafsiri hilo neno, na mimi nikashika mlango.

Alichopewa cha mama yake ni gauni lake la harusi. Akalivaa usiku wa kwanza aliporudi jukwaani, akachukua mshumaa akalichoma kuanzia chini akiimba wimbo ule wa kanisani, wenzake wakamzima kwa bia. Ikawa ndiyo jina lake mjini, bibi harusi wa moto. Akalivaa miaka yote, redio zikamkataa, magazeti yakamwita kichaa, miji mingine ikampenda, aliwahi kuimba ananing'inia kwa kamba kichwa chini, aliwahi kuja Marekani akajaza kumbi kwa mwaka mmoja, halafu watu wakapata vichaa wengine. Akaolewa na fundi wa malori wa Denton, mtu mpole, mume akafa, yeye akabaki na namba mia na kumi na nne. Gauni alikuwa ameliweka sandukuni kwa miaka tisa. Mimi nilipogusa picha nikasema Jumamosi, aliniuliza, una uhakika? Aliniuliza tena, hili? Nami nikasema yes. Alikuwa hajaambiwa na mtu wa kanisa, hata mara moja maishani, njoo kama ulivyo.

Nilitaka sakafu inimeze. Nikamwambia Neema, mwambie sistahili asamehe, mwambie naondoka.

Roswita akainuka, akaenda dirishani, akatoa jani kwenye glasi, akalishika na maji yanadondoka. Akasema kitu kifupi. Neema alikuwa analia sasa, “Bibi, anasema baba yake aliishi miaka thelathini baada ya siku ile. Hakuwahi kumletea hata jani.”

Akaliweka kifuani mwake. Hiyo niliielewa bila mkalimani.

Neema alimpigia Mama Baraka pale pale, akaweka sauti ya wote kusikia. Roswita akasema maneno yake na Neema akayafikisha, “Anasema amempokea bibi. Ila anasema kwa habari ya mbuzi, hajamsamehe mtu yeyote.” Kutoka Houston nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla, Mama Baraka anacheka. Jumapili iliyofuata walikuja, masaa yale yale manne na nusu, pete ikavishwa sebuleni kwa Elinami tukala ndizi na maharage. Harusi ikafungwa Alief mwaka uliofuata, na Roswita alikaa upande wa familia, kwa suti ya kijivu, kila mtu akashukuru Mungu.

Mimi nimeapa. Sitamwahidi mtu kwa watu kabla sijajua ni mtu gani, na sitamwogopa mkwe kuliko ninavyomheshimu rafiki. Nikikuta nimeogopa tena, nitaogopa na mdomo nimefunga.

Sasa nyie mliokuwepo, kumbukumbu yangu ni ya bibi. Godlisen anasema alimtoa ndafu beti ya tatu, si ya pili. Elinami anasema kilemba cha Mama Baraka kilikuwa cha kijani. Na yule wa miwani labda si Obedi, labda Obedi ni yule aliyebeba kinanda. Nisahihisheni majina, nisahihisheni rangi na beti, nitashukuru. Lakini pale niliposema simjui, mara tatu, hapo msinisahihishe. Hapo nimekumbuka vizuri.